Namna ya Kuchagua Rimu na Matairi ya Otokrosi kwa Dereva wa Ridhaa Nchini Uganda

Dereva anayetaka kuingia otokrosi kwa gari lake la kila siku mara nyingi huwa na fedha za kubadilisha kitu kimoja tu kwa wakati, na kitu hicho, kabla ya injini, kabla ya ekzosi na kabla ya shokapu, kinapaswa kuwa matairi. Otokrosi ni mbio fupi za kushindana na saa. Njia ni nyembamba, kona zinafuatana, gari halipati nafasi ya kukimbia kwa kasi ya juu kwa muda mrefu, na anayeshinda ni yule anayeweza kuchelewa kufunga breki, kukata kona bila kuserereka kupita kiasi, na kutoka kwenye kona bila magurudumu kuzunguka bure. Mambo hayo yote matatu huamuliwa pale tairi linapogusa ardhi, mahali ambapo kwa kila gurudumu pana ukubwa wa kiganja tu. Injini yenye nguvu nyingi ikikosa mshiko hapo, nguvu hiyo hutifua vumbi na gari halisogei.

Kosa ninaloliona kila mara ni la mpangilio. Madereva wengi wa Kampala huanza na rimu: wanaona rimu ya inchi 17 au 18 inayong'aa, wanainunua, kisha wanatafuta tairi lolote litakaloivaa, na mwishowe wanapeleka gari uwanjani na kugundua kwamba ardhi haikubaliani na walichonunua. Mpangilio sahihi ni kinyume chake. Anza na ardhi utakayokimbilia, chagua tairi linaloifaa ardhi hiyo, halafu tafuta rimu itakayolitumikia tairi hilo na kuingia kwenye gari lako bila kulazimishwa.

Kabla ya yote, fahamu kwamba sehemu kubwa ya ushauri unaopatikana mtandaoni umeandikwa na Wamarekani, na otokrosi yao si kama yetu. Kwao, chini ya vyama kama SCCA (Sports Car Club of America) kilichoanzishwa mwaka 1944, mashindano hufanyika kwenye maegesho mapana na viwanja vya ndege vyenye lami, njia ikionyeshwa kwa koni, gari moja moja likikimbia kwa muda wa dakika moja hivi. Kwa hiyo wanasifu tairi pana, lenye ubavu mfupi na mpira laini usio na meno mengi. Dereva wa Uganda ambaye atakimbia juu ya udongo wa viwanja vya Busiika au Garuga akifuata ushauri huo neno kwa neno atakuwa amenunua tairi zuri kwa uwanja usio wake. Nitaeleza ya lami pia, kwa sababu kuna wakati mashindano huandaliwa juu yake, lakini uzito wa maelezo haya uko kwenye moramu.

Ardhi kwanza

Moramu yetu ni udongo mwekundu uliochanganyika na vijiwe vigumu vya mviringo. Ikikauka na kushindiliwa, chini huwa ngumu karibu kama saruji, na juu hubaki tabaka la changarawe legevu. Magari yanapopita, tabaka hilo husukumwa pembeni, na njia inayotumiwa na wengi hufagiwa hadi ile sehemu ngumu inatokeza. Maana yake ni kwamba anayekimbia mapema hukuta changarawe nyingi inayoteleza, na anayekimbia mwishoni hukuta ardhi safi lakini yenye makorongo kwenye kona. Tembea uwanjani kwa miguu asubuhi, kwaruza udongo kwa kiatu kwenye kila kona, uone changarawe ina kina gani na chini yake kuna nini.

Mvua hubadilisha hesabu yote. Katikati ya Uganda misimu mikuu ya mvua ni Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, ingawa maeneo ya karibu na Ziwa Victoria hupata mvua ya ghafla mwezi wowote. Moramu ikilowa, ule udongo wa mfinyanzi uliomo ndani yake huwa utelezi kama sabuni kwa juu, huku chini bado ni ngumu. Tairi la barabarani lenye mifereji myembamba hujaa tope katika mzunguko wa kwanza, na kutoka hapo huwa limevaa udongo badala ya mpira.

Kwenye ardhi ya namna hii mshiko hautokani na mpira kugandamana na uso wa njia, kama ilivyo kwenye lami. Hutokana na meno ya tairi kuchimba, kupita tabaka legevu na kuishika ile sehemu ngumu ya chini. Ndiyo sababu tairi jembamba kiasi mara nyingi hulishinda tairi pana kwenye changarawe: uzito uleule wa gari ukikaa juu ya upana mdogo, tairi huzama hadi kwenye ardhi imara, ilhali tairi pana huelea juu ya vijiwe. Kwa gari dogo la mfano wa Toyota Corolla au Starlet, upana wa milimita 175 hadi 195 unatosha kabisa. Kwa Subaru Impreza au Mitsubishi Lancer, 195 hadi 205. Anayetaka ushahidi na atazame magari ya mashindano ya dunia yanapokuja Safari Rally kule Naivasha, tangu ilipoirudia kalenda hiyo mwaka 2021. Magari hayo, yenye kasi kuliko yote ya aina yake, huvaa rimu za inchi 15 kwenye vumbi, na zile kubwa za inchi 18 huachwa kwa mashindano ya lami. Ikiwa wahandisi wenye uhuru wa kununua chochote wanachagua inchi 15, mwanaridhaa hana sababu ya kuona aibu kwa rimu ndogo.

Meno yenyewe yachague kwa hali unayotarajia kukutana nayo mara nyingi zaidi. Kwa moramu kavu na ngumu, tafuta tairi lenye meno mafupi, yaliyokaribiana na yenye kingo kali, kwa sababu meno marefu hupinda chini ya uzito wa gari na usukani hukawia kuitika. Kwa tope, tafuta meno yaliyoachana, yenye mifereji mipana inayotupa udongo nje gurudumu linapozunguka. Matairi maalumu ya mbio za changarawe, kama yale ya Pirelli na MRF, hutengenezwa kwa kazi hii hasa: mpira wake ni mgumu kiasi cha kuhimili mawe, na mbavu zake zimeimarishwa. Ukiweza kupata hata yaliyotumika kidogo kutoka kwa timu ya rali, na bado yana meno ya kutosha, chukua hayo kabla ya tairi jipya la barabarani. Ukishindwa, tairi la kawaida la barabarani lenye alama ya M+S (tope na theluji) na ubavu mrefu ni mwanzo mzuri.

Kuna desturi ya kuchukua matairi ya takisi, yale ya Toyota Hiace yenye herufi C baada ya ukubwa, kwa kuwa ni magumu na hayapati pancha kirahisi. Siikubali desturi hiyo. Tairi la 195R15C limetengenezwa kubeba mzigo, ndiyo maana lina namba mbili za uzito, kwa mfano 106/104. Ubavu wake haupindi chini ya gari jepesi, mpira wake ni mgumu, na kipenyo chake ni kikubwa mno kwa Corolla. Gari litarukaruka juu ya makorongo, na breki zitachelewa kushika.

Kusoma ukubwa na kupiga hesabu

Tuchukue tairi lililoandikwa 205/55R16 91V. Namba 205 ni upana kwa milimita. Namba 55 ni urefu wa ubavu kwa asilimia ya upana huo, yaani karibu milimita 113. R inaonyesha muundo wa radial, yaani nyuzi za ndani zinazokatiza kutoka ubavu mmoja hadi mwingine, 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi, 91 ni kiwango cha uzito ambacho ni kilo 615 kwa tairi moja, na V ni kasi ya juu ya kilomita 240 kwa saa. Ili kupata kipenyo cha gurudumu zima, zidisha ubavu kwa mbili na ujumlishe rimu iliyogeuzwa kuwa milimita, ukikumbuka kwamba inchi moja ni milimita 25.4. Jibu hapa ni kama milimita 632.

Sasa tazama faida ya hesabu hiyo. Mwenye gari linalovaa 205/55R16 akihamia 195/65R15 atapata kipenyo cha milimita 634 na nusu, tofauti isiyofikia nusu ya asilimia moja, lakini ubavu utakuwa umeongezeka kwa milimita 14. Zile milimita 14 za mpira na hewa ndizo zitakazopokea kishindo cha jiwe badala ya rimu. Vivyo hivyo, Corolla inayovaa 195/60R15 inaweza kushuka hadi 185/70R14, ikabaki na kipenyo kilekile cha takriban milimita 615 na kupata ubavu mrefu zaidi kwa zaidi ya milimita 12. Kipenyo kisipobadilika, gia hubaki zilivyokuwa, kipima mwendo husema kweli, na gurudumu haligusi madigadi usukani unapokatwa hadi mwisho. Kwa otokrosi, ambako usukani hukatwa hadi mwisho mara nyingi, hilo la mwisho si dogo. Ukilazimika kubadili kipenyo, bakia ndani ya asilimia 3, na ni afadhali kupungua kuliko kuongezeka, kwa sababu gurudumu dogo hulipa gari msukumo mkali zaidi linapotoka kwenye kona.

Kwa lami mambo hugeuka. Hapo ubavu mfupi husaidia kwa kuwa usukani huitika upesi, na upana huongeza mshiko ikiwa rimu nayo ina upana wa kutosha kuunyoosha uso wa tairi. Mpira ndio kila kitu. Matairi mengi hubeba neno TREADWEAR likifuatwa na namba. Namba ikiwa ndogo, mpira kwa kawaida ni laini zaidi na huisha upesi zaidi. Tairi la kawaida la kusafiria huwa na 400 au zaidi, na madaraja mengi ya magari ya barabarani kule Marekani yameweka 200 kuwa mpaka wa chini, ndiyo maana matairi kama Yokohama Advan A052 na Bridgestone Potenza RE-71RS yana namba hiyo. Kila kiwanda hujipimia chenyewe, kwa hiyo itumie namba hii kulinganisha matairi ya kampuni moja, wala usiichukulie kuwa hukumu kati ya kampuni na kampuni. Kumbuka pia kwamba mbio za otokrosi ya lami ni fupi, tairi halipati muda wa kuchemka, na tairi la saketi linalohitaji joto jingi litakuwa baridi na lenye kuteleza hadi unapomaliza. Tafuta linaloshika tangu mita za kwanza.

Kununua mtumba bila kudanganyika

Wengi wetu tutanunua vilivyotumika, na masoko ya vipuri ya Kisekka na Ndeeba mjini Kampala ndiko tutakakoanzia. Hakuna ubaya, mradi mnunuzi awe na subira na asione haya kupiga magoti chini kulikagua tairi.

Anza na umri. Ubavuni, mwishoni mwa mfuatano unaoanza na herufi DOT, kuna tarakimu nne: 2321 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2021. Ukikuta tarakimu tatu, tairi hilo lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000, nawe uondoke. Mimi sipeleki mashindanoni tairi lililopita miaka sita, hata kama meno yake yamejaa, kwa sababu mpira hukauka na kupoteza unyumbufu ukiwa umekaa tu juani. Bonyeza kucha kwenye jino: mpira mzima hubonyea kidogo na kurudi, uliokufa hukataa kubonyea.

Kisha futa ubavu kwa kitambaa kilicholowa maji. Muuzaji atakuwa amepaka dawa ya kung'arisha, na atakuambia, "Ssebo, hili ni zima kabisa." Usibishane naye, endelea kufuta. Chini ya weusi huo ndipo nyufa nyembamba mithili ya nywele hujitokeza, hasa kwenye mstari ambapo ubavu unakutana na uso wenye meno. Likunje bega la tairi kwa mikono miwili ili mifereji ifunguke, utazame kama nyufa ziko pia katikati ya meno. Baada ya hapo ingiza mkono ndani na upapase kuzunguka ubavu wote. Kiganja kikitoka na chembechembe za mpira, au ukiona ndani pete iliyochubuka inayolizunguka tairi, ujue liliendeshwa bila upepo hata nyuzi zake zikasagika. Tairi hilo linaweza kuonekana jipya kwa nje na likapasuka kwenye kona ya kwanza. Tazama pia kama kuna pachi ubavuni. Pachi iliyo katikati ya uso wa tairi inavumilika kwa mazoezi. Iliyo ubavuni haivumiliki popote.

Uko udanganyifu mmoja unaohitaji jicho kali, nao ni kuchonga upya. Tairi lililokwisha kuwa kipara huchongwa kwa kisu cha moto ili mifereji irudi. Ndani ya mifereji ya tairi halisi kuna vituta vidogo vyenye kimo cha milimita 1.6, vinavyoonyesha kikomo cha kuisha, na mahali vilipo huonyeshwa begani kwa herufi TWI au pembetatu ndogo. Fuata alama ya begani, utafute kituta kwenye mfereji ulio mkabala nayo. Kama hakipo, au kingo za mfereji zinapindapinda, basi kisu kimepita hapo, na kilichobaki kati yako na waya za tairi ni tabaka jembamba mno.

Japani hutuletea pia matairi ya theluji, na wauzaji huyasifu kwa meno yake. Utayatambua kwa neno STUDLESS au SNOW, au kwa mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji, na kwa mikato myembamba mingi juu ya kila jino. Mpira wake ulikusudiwa baridi ya barafu. Kwenye joto letu meno yake huyumba, na juu ya mawe makali hung'oka vipande vipande. Kwa tope yanaweza kushika kwa muda, lakini hayastahili bei anayotaka muuzaji.

Mwisho, soma maandishi madogo yanayoeleza tabaka za tairi. Ubavuni utakuta neno SIDEWALL likifuatwa na idadi ya tabaka za poliesta. Kwa moramu, tairi lenye tabaka mbili ubavuni ni bora kuliko lenye moja, na tofauti hiyo haionekani kwa macho mpaka uisome.

Rimu inayolitumikia tairi

Rimu ya chuma hudharauliwa bila haki. Ikigonga jiwe hupinda, na fundi anaweza kuinyoosha kwa nyundo jioni hiyohiyo. Rimu ya aloi iliyomiminwa ni nyepesi zaidi kwa kawaida, lakini ikipigwa vibaya hupasuka, upepo wote hutoka, na uchomeleaji unaofanywa mitaani haurudishi uimara wake. Aloi iliyofuliwa ina wepesi na uimara pamoja, ila bei yake haimfai anayeanza. Kwa moramu ningemshauri mwanaridhaa achukue rimu ya chuma, au aloi nene ya kiwandani ya inchi 14 au 15. Kwa lami, wepesi una thamani zaidi, kwa sababu kila kilo iliyo kwenye gurudumu lazima isukumwe mbele, izungushwe, kisha isimamishwe tena, na shokapu ibebe mzigo wa kuituliza. Chukua mizani unapokwenda kununua. Rimu mbili zinazofanana kwa sura zinaweza kupishana kwa kilo mbili au tatu.

Kufaa kwa rimu kuna mambo matano, na muuzaji hukuuliza moja tu, yaani idadi ya matundu. La kwanza ni duara la matundu. Corolla nyingi za zamani na Starlet hutumia matundu manne kwenye duara la milimita 100. Impreza nyingi hutumia matano kwenye 100, lakini STI, yaani Impreza ya kasi zaidi, kuanzia toleo la mwaka 2005 ilihamia matano kwenye 114.3, kama zilivyo Lancer Evolution nyingi. Hatari kubwa iko kati ya 112, inayotumiwa na Mercedes-Benz na Volkswagen, na 114.3. Rimu ya moja huonekana kuingia kwenye gari la nyingine, nati hukazika, lakini bolti zimepindishwa na siku moja zitakatika. Pima kwa rula, usiamini jicho.

La pili ni tundu la katikati. Toyota hizo ndogo zina hubu (kitovu kinachoingia kwenye tundu hilo) ya milimita 54.1, Subaru 56.1, Mitsubishi Lancer Evolution 67.1. Tundu likiwa dogo rimu haiingii. Likiwa kubwa, rimu hubebwa na nati peke yake na usukani hutetemeka, basi weka pete ya kujaza nafasi hiyo. La tatu ni namba inayofuata herufi ET, ambayo ni umbali kwa milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso unaokaa kwenye hubu. Gari lililotoka kiwandani na ET45 likivalishwa ET30, gurudumu husogea nje kwa milimita 15. Vijana hupenda sura hiyo, lakini kila jiwe linalogongwa huvuta usukani kwa nguvu zaidi, beringi huchoka, na changarawe huchuna milango. Usipite milimita 10 kutoka namba ya kiwandani, wala usipange spesa (vipande vya kusogeza gurudumu nje) juu ya spesa.

La nne ni breki. Impreza STI yenye kalipa za Brembo imetengenezewa rimu ya inchi 17, na rimu nyingi za 15 zitagonga kalipa. Jaribu rimu tupu kwenye hubu kabla ya kufunga tairi, izungushe kwa mkono, na uhakikishe pana angalau milimita tatu kati yake na kalipa, kwa kuwa vijiwe vya moramu hupenda kukwama mahali hapo. La tano ni nati. Subaru hutumia uzi wa 12 kwa 1.25, Toyota na Mitsubishi 12 kwa 1.5, na ukilazimisha moja kwenye nyingine utaharibu bolti. Zaidi ya uzi, tazama umbo la sehemu ya nati inayokaa kwenye rimu. Rimu nyingi za aloi za kiwandani za Toyota hutaka nati yenye shingo ndefu na washa bapa, ilhali rimu ya chuma na nyingi za madukani hutaka nati yenye umbo la koni. Nati ya koni kwenye tundu la washa hugusa mahali padogo tu, hulegea, na gurudumu hutoka. Ukinunua rimu, nunua na nati zake.

Rimu ya mtumba nayo ikaguliwe kwa nyuma, maana mbele hupakwa rangi. Tafuta mistari ya kuchomelea upande wa ndani, na izungushwe kwenye mashine ya balansi uone kama midomo yake inacheza.

Magari yanayovuta kwa magurudumu yote manne

Mwenye Subaru au Lancer Evolution asinunue matairi mawili leo na mawili mwezi ujao. Magari haya yana difu ya katikati, inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, au kapuli inayofanya kazi yake, ambayo hutarajia magurudumu yote yazunguke sawa, na Subaru hutaka mizingo ya matairi isitofautiane kwa zaidi ya robo inchi, yaani milimita 6 hivi. Tofauti ya milimita moja tu ya kina cha meno tayari hufikia kiasi hicho. Zungushia kila tairi utepe wa fundi cherehani likiwa limejazwa upepo, uandike namba, na uchague manne yanayokaribiana. Hili lifanyike pale pale sokoni kabla ya kutoa fedha.

Kwa gari la kuvuta mbele, matairi ya mbele huisha mara mbili upesi, kwani ndiyo yanayovuta, kufunga breki kwa sehemu kubwa na kukata kona. Uwanjani weka yaliyo bora mbele. Unaporudi barabarani yahamishie nyuma, kwa sababu kwenye lami iliyolowa gari linalopoteza mshiko wa nyuma humshinda dereva.

Upepo

Nunua geji yako mwenyewe na uitumie hiyo peke yake, maana geji za vituo vya mafuta hupishana. Kwa moramu, anza na psi 28 kwa tairi la barabarani, ushuke kwa hatua ya psi mbili mbili ukitazama gari linavyoitika. Upepo ukipungua tairi hutanda na kushika changarawe vizuri zaidi, lakini chini ya psi 22 mdomo wa tairi unaweza kuchomoka kwenye rimu katikati ya kona, na rimu hugongwa na kila jiwe. Kwa lami panda badala ya kushuka: anza psi nne juu ya kiwango kilichoandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva.

Kwenye lami kuna njia rahisi ya kupata kiwango sahihi. Chora mistari mitatu ya chaki kwenye bega la kila tairi, kutoka ukingoni mwa uso wenye meno kuelekea chini ubavuni. Kimbia mara moja, kisha tazama chaki imefutika hadi wapi. Ikifutika hadi chini ubavuni, tairi linajilaza na linataka upepo zaidi. Ikibaki nzima juu ya bega, upepo umezidi. Inapofutika hadi kwenye alama ya TWI na kuishia hapo, umefika. Pima tena kati ya mkimbio na mkimbio, kwani kila nyuzijoto 6 zinazoongezeka hupandisha takriban psi moja, na tairi lililopimwa saa moja asubuhi si lile la saa nane mchana.

Usiku wa kuamkia mashindano

Kabla ya kununua chochote, soma kanuni za tukio zinazotolewa na waandaaji chini ya shirikisho la vilabu vya michezo ya magari nchini, FMU, kwa kuwa daraja unaloingia linaweza kuweka mipaka ya upana wa tairi au ukubwa wa rimu. Wakaguzi hutazama magurudumu mapema: nati isiyokamilika au waya unaochungulia unatosha kukurudisha nyumbani.

Ukiwa na uwezo, tenga seti ya magurudumu manne kwa ajili ya uwanja, na ubebe la tano la ukubwa uleule, kwa sababu pancha moja kwenye moramu isikumalizie siku. Funga vifuniko vya chuma kwenye vali zote, kwani vumbi likiingia ndani vali huanza kuvuja. Kaza nati kwa mpangilio wa kukabiliana, ukitumia spana ya kupimia nguvu, karibu Nm 100 kwa magari mengi madogo ya Kijapani, na uzirudie baada ya mkimbio wa kwanza rimu ikiwa imekwisha kaa mahali pake.

Mbio zikiisha, osha upande wa ndani wa rimu kabla moramu haijakauka, kwa sababu udongo ulioganda upande mmoja huvuruga balansi na usukani utatetemeka ukishika kasi ya barabara kuu. Rudisha matairi ya barabarani, yajaze upepo hadi kiwango cha mlangoni, na ukaze nati tena baada ya kilomita 50.